Kosa ni la Mpiga Kura au la Karatasi?

Ndugu msomaji, sisi tuliobahatika kwenda shule tuna tabia moja mbaya, nayo ni kumcheka mtu aliyekosea kujaza karatasi. Akikosea fomu ya benki, twasema hakusoma. Akiandika jina la baba mahali pa jina la mtoto, twasema hana akili. Na kura yake ikiharibika, twatoa hukumu papo hapo: mzembe huyo, hakusikiliza maelezo. Mimi nilikuwa hodari sana wa hukumu za namna hiyo. Leo nataka kukusimulia jinsi nilivyoiacha tabia hiyo, na jinsi aliyenifundisha alivyokuwa mtu ninayekula naye chakula kimoja kila siku.

Kazi yangu ilikuwa ya kupiga chapa. Niliianza katika siku za herufi za risasi, tulipokuwa tukiokota herufi moja moja na kuipanga kinyumenyume ili isomeke sawa ikishakanyaga karatasi. Baadaye niliajiriwa katika kiwanda kimoja cha hapa Dar es Salaam kilichokuwa na chumba chake cha chapa, tukichapa lebo, risiti na fomu za ofisi. Mke wangu, Mama Asha, alikuwa katika kiwanda hicho hicho, idara ya kufungasha. Yeye hakupita shule utotoni. Alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima, yale yaliyopata nguvu tangu mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Cheti chake amekitia katika fremu, kimetundikwa sebuleni mpaka leo.

Mwaka 1999 chama chetu cha akiba na mikopo pale kiwandani kilikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti na mweka hazina. Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kuchapa karatasi za kura. Wagombea wa uenyekiti walikuwa wawili, na wa kazi ya mweka hazina walikuwa saba. Karatasi tulizokuwa nazo zilikuwa chache, nami nikataka kila kitu kiingie katika nusu ya ukurasa. Juu kushoto nikaweka kichwa cha mwenyekiti na majina yake mawili. Chini yake nikaweka kichwa cha mweka hazina na majina matano. Majina mawili yaliyobaki hayakupata nafasi, basi nikayahamishia juu ya safu ya kulia. Nikapiga mstari mwembamba katikati ili karatasi ipendeze. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikaandika kwamba kila nafasi ichaguliwe mtu mmoja tu. Nikaitazama kazi yangu, nikaiona safi. Sikumwonyesha mtu.

Siku ya uchaguzi walipiga kura wanachama 212. Zilipohesabiwa za mweka hazina, kura 31 zilikuwa zimeharibika. Aliyeshinda alipata 58, na aliyemfuata, mzee mmoja mtunza ghala, alipata 52. Tofauti ilikuwa kura sita. Katika mkutano mtu mmoja akauliza kwa nini kura nyingi kiasi hicho zimetupwa. Mimi nikasimama, ndugu msomaji, nikasema maneno ambayo mpaka sasa nikiyakumbuka uso unaniwaka. Nilisema kwamba karatasi ilikuwa wazi, na maelezo yaliandikwa, na asiyetaka kusoma maelezo asilalamike. Nikaongeza kwamba labda wenzetu 31 warudi darasani. Watu wakacheka sana.

Mama Asha alikuwa amekaa safu ya tatu. Sikumbuki kama alicheka. Jioni ile alipika, tukala, tukalala, na hakusema neno lolote juu ya uchaguzi.

KITUTURINI

Mwaka uliofuata, tarehe 29 Oktoba 2000, nchi yetu ilifanya uchaguzi mkuu. Asubuhi Mama Asha akaniambia kichwa kinamuuma, niende peke yangu. Nilishangaa, kwa maana mwanamke huyu hakuwahi kukosa kura. Kura yake ya kwanza aliipiga mwaka 1975, katika enzi ya chama kimoja, wakati kila jimbo lilipokuwa na wagombea wawili, mmoja amepewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Nikambembeleza, tukaenda. Alipoingia kituturini alikaa humo muda mrefu mno. Foleni ikaanza kunung'unika. Nami pia nilinung'unika moyoni, nikiona haya mbele ya majirani. Alipotoka alikuwa akitoka jasho, kama mtu aliyepanda kilima.

Siku tisa baadaye, tarehe 7 Novemba, Wamarekani nao wakapiga kura kumchagua rais kati ya George W. Bush na Al Gore. Bila shaka unakumbuka msukosuko uliofuata. Kwa desturi ya nchi hiyo rais hapatikani kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua, na mgombea anayeongoza katika jimbo kwa kawaida huwachukua wote. Florida ilikuwa na wajumbe 25, na wagombea wote wawili walikuwa wamekaribiana kiasi kwamba anayeipata Florida ndiye rais. Huko Florida, kati ya kura zinazokaribia milioni sita, tofauti iliyotangazwa mwishoni ilikuwa kura 537 tu. Zaidi ya mwezi mmoja dunia nzima ilisikiliza habari za kadi zenye matundu, mpaka tarehe 12 Desemba Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilipotoa uamuzi uliokomesha kuhesabu upya.

Jioni moja katika siku hizo tulikuwa barazani na redio yetu. Mtangazaji akaeleza habari za wilaya moja iitwayo Palm Beach, ambako watu walikuwa wakilia kwamba wamempa kura mtu wasiyemtaka kwa sababu karatasi iliwachanganya. Mama Asha alikuwa akichambua mchele. Akasimamisha mkono.

"Baba Asha, hao ni Wamarekani?"

"Ndiyo."

"Wamesoma?"

"Wamesoma, tena sana."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na hao nao uwaambie warudi darasani?"

Hapo ndipo nilipojua. Mmoja wa wale 31 alikuwa mke wangu. Mwaka mzima alikuwa amebeba kicheko changu kifuani bila ya kunieleza. Na siku ile kituturini hakuwa anaumwa kichwa. Alikuwa anaogopa kuharibu tena.

KARATASI YA KIPEPEO

Nilimwomba radhi, naye akanisamehe, lakini msamaha haukunitosha. Nilikuwa mpiga chapa, na jambo hili lilikuwa la kazi yangu. Nikaanza kufuatilia habari za Palm Beach katika magazeti, na baadaye katika vitabu na maandishi ya wataalamu. Naomba nikueleze nilichokipata, kwa maana ni somo kwa kila mtu anayetoa karatasi na kila mtu anayeijaza.

Wapiga kura wa Palm Beach hawakutia alama kwa kalamu. Walitumia kadi, wakaitoboa kwa kijiti cha chuma penye tundu la mgombea wanayemtaka. Wagombea wa urais walikuwa kumi. Msimamizi wa uchaguzi wa wilaya, bibi Theresa LePore, aliona kwamba akiyapanga majina yote kumi katika ukurasa mmoja itambidi atumie herufi ndogo, na wilaya yake ina wazee wengi wenye macho dhaifu. Akaamua kuzikuza herufi na kuyatandaza majina katika kurasa mbili zinazotazamana, na safu moja ya matundu katikati. Karatasi ikawa kama kipepeo aliyekunjua mabawa, na ndilo jina lililoipata: karatasi ya kipepeo.

Sasa fikiri kwamba wewe ndiye uliyesimama mbele yake. Jicho lako laanzia kushoto, kama ulivyofundishwa. Jina la kwanza kushoto ni Bush. La pili, chini yake, ni Gore. Unamtaka Gore, naye ni wa pili, basi mkono wako waenda tundu la pili. Kumbe ukurasa wa kulia nao una majina, na jina la kwanza la huko, Pat Buchanan, limekaa kati ya mistari ya Bush na Gore. Tundu la kwanza ni la Bush, la pili ni la Buchanan, na la tatu ndilo la Gore. Kulikuwa na mishale midogo ya kuonyesha njia, lakini mshale hauna nguvu ya kushinda mazoea ya jicho. Waliokuwa na haraka walimpa Buchanan kura bila kujua. Wengine walitambua baada ya kutoboa, wakatoboa na tundu la tatu kusahihisha, nao wakawa wameharibu kura yao kabisa kwa kuchagua watu wawili.

Buchanan alipata kura zaidi ya 3,400 katika wilaya hiyo, na kadi zaidi ya 19,000 zilitupwa kwa sababu zilikuwa na wagombea wawili au zaidi wa urais. Palm Beach ni mahali penye wastaafu wengi, wakiwemo Wayahudi wengi, na mgombea mwenza wa Gore, Joe Lieberman, alikuwa Myahudi. Buchanan hakuwa mtu wao hata kidogo. Yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba kura nyingi kati ya hizo hazikuwa zake.

Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Bibi LePore hakuwa na hila. Wakati huo mwenyewe alikuwa amejiandikisha katika chama cha Gore, chama kilichopata hasara. Alikuza herufi kwa kuwahurumia wazee, na ni wazee hao hao waliopotea. Nilipolisoma hilo nilikumbuka nusu ukurasa wangu na nia yangu njema ya kubana matumizi ya karatasi. Nia njema haitoshi.

WALIOSEMA NI UZEMBE

Si haki kusimulia upande mmoja. Wako watu wengi huko Marekani waliosema kama nilivyosema mimi. Walisema: Karatasi za mfano zilitumwa kwa wapiga kura kabla ya siku yenyewe, kwa nini hawakuzitazama? Vyama vyote vilipata nafasi ya kuziona, na hakuna aliyelalamika. Mishale ilikuwepo. Na tena, walio wengi walipiga kura vizuri. Ikiwa walio wengi wameweza, mbona hawa wachache wameshindwa? Mtu mzima na awajibike kwa mkono wake.

Hoja hizi si za kudharauliwa. Mtu mzima kweli anapaswa kuwajibika. Lakini swali letu ni la kutafuta chanzo, na chanzo hakitafutwi kwa hasira. Kuna njia ya kukijua, nayo ni rahisi hata kwa mtu wa kiwandani. Mashine moja ikiharibu vitambaa vingi kuliko mashine nyingine, na wafanyakazi wanazishika zote kwa zamu, hatumlaumu mfanyakazi. Tunakwenda kuikagua mashine. Uzembe wa watu husambaa kila mahali, kwa kuwa wazembe wako kila mahali. Makosa yakirundikana mahali pamoja, palipo na kitu kimoja, kitu hicho ndicho cha kutiliwa shaka.

Wataalamu wa siasa wa vyuo vikuu vya Marekani walifanya hivyo hasa, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001. Walitambua kwamba wakazi wa Palm Beach waliopiga kura kabla ya siku kwa njia ya posta hawakutumia kipepeo. Karatasi yao ilipangwa kwa namna nyingine. Basi hapo kulikuwa na watu wa wilaya moja, uchaguzi mmoja, wagombea wale wale, lakini karatasi mbili. Waliotumia karatasi ya posta walimpa Buchanan kura kama mbili katika kila 1,000. Waliotumia kipepeo walimpa kura zaidi ya nane katika kila 1,000, yaani takriban mara nne. Tena, wengi wa hao waliotoboa tundu la Buchanan walikuwa wamemchagua mgombea wa chama cha Gore katika nafasi ya useneta, ambayo haikupangwa kwa kipepeo. Wataalamu wakahitimisha kwamba zaidi ya wapiga kura 2,000 waliotaka kumpa Gore walimpa Buchanan kwa makosa. Linganisha 2,000 na 537, uone mwenyewe uzito wa jambo hili.

Hata mbali na Marekani watu walilijaribu. Huko Kanada, katika mji wa Edmonton, watafiti waliwapa watu waliokuwa wakinunua vitu dukani kura ya majaribio, wengine kwa karatasi ya safu moja na wengine kwa karatasi ya mabawa mawili. Waliotumia safu moja hakukosea hata mmoja. Waliotumia mabawa mawili walikosea wachache. Wachache, ndiyo. Lakini uchaguzi mkubwa huamuliwa na wachache.

NILIPOIONA KARATASI YANGU MWENYEWE

Habari za Palm Beach zilinifundisha, lakini habari za Gadsden zilinichoma. Gadsden ni wilaya nyingine ya Florida, ya mashambani, ambayo wakazi wake wengi ni watu weusi. Huko hakukuwa na matundu wala mabawa. Ilikuwa karatasi ya kutia alama kwa kalamu. Lakini majina kumi ya urais hayakuenea katika safu ya kwanza, basi ya mwisho yakahamishiwa juu ya safu ya pili. Watu wengi walipomaliza safu ya kwanza waliona majina mengine yamesimama juu ya safu ya pili, wakadhani ni nafasi nyingine, wakachagua na huko. Karibu kura 12 katika kila 100 zilitupwa.

Niliposoma hayo niliiweka karatasi chini. Ilikuwa ni karatasi yangu. Ilikuwa kosa lile lile, safu ile ile, mkono ule ule wa mpiga chapa anayebana nafasi. Nikamwita Mama Asha, nikampa kalamu, nikamwomba anichoree alichokiona siku ile ya mwaka 1999. Akachora, akanieleza: "Nilimaliza upande huu, nikamchagua yule mzee wa ghala. Nikaona upande wa pili kuna majina mawili yako juu kabisa, kama mwanzo. Kitu kikiwa juu si ndicho cha mwanzo? Nikasema hawa nao wanagombea kitu, nisiwaache bure."

Ndugu msomaji, jibu lake lilikuwa sahihi. Kwa kawaida ya chapa, kilicho juu ya safu na mbele yake kuna mstari ni kitu kipya. Sheria hiyo mimi niliifuata kila siku katika lebo na risiti, nikaivunja siku moja tu, kisha nikawacheka wale walioifuata. Yeye aliisoma karatasi kama inavyosomwa. Mimi ndiye niliyeiandika vibaya.

Jirani na Gadsden iko wilaya ya Leon, penye mji mkuu wa jimbo hilo. Huko kura za urais zilizoharibika hazikufika hata moja katika kila 100. Ni kweli kwamba Leon kuna vyuo na watu wenye kipato zaidi. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Katika vituo vya Leon mpiga kura aliiingiza karatasi yake katika mashine pale pale, na kama amechagua wawili mashine iliirudisha, akapewa nafasi ya kurekebisha. Gadsden karatasi zilikusanywa, zikahesabiwa kwingine baada ya mwenyewe kwenda nyumbani. Wa Leon aliambiwa kosa lake angali mlangoni. Wa Gadsden hakuambiwa kamwe. Mwaka 2001 tume ya haki za raia ya Marekani iliripoti kwamba huko Florida kura ya mtu mweusi ilielekea kutupwa karibu mara kumi kuliko ya mtu asiye mweusi. Kwa hiyo karatasi mbaya haiwaumizi wote sawasawa. Huwaumiza zaidi wazee, wageni wa maandishi, na wale ambao hakuna anayewarudishia karatasi wasahihishe.

Baada ya aibu hiyo Florida ilipiga marufuku kadi za kutoboa mwaka 2001, na mwaka 2002 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusaidia majimbo kubadili vyombo vyao. Usidhani tatizo lilikwisha duniani. Mwaka 2007 huko Scotland, kura mbili za bunge zilizokuwa zikipigwa katika karatasi mbili zilipangwa pamoja katika karatasi moja, na kura zaidi ya 140,000 zikakataliwa. Uchunguzi uliofanywa baadaye uliwalaumu waliopanga mambo, kwamba mpiga kura hakuwekwa mbele.

JEMBE NA NYUMBA

Mama Asha alinikumbusha jambo moja nililokuwa nimelisahau. "Wakati wa jembe na nyumba," alisema, "nilikuwa bado nasoma kwa kuunganisha herufi, lakini nikitoka pale nilijua nimempa nani."

Tangu uchaguzi wa mwaka 1965 mpaka wa mwaka 1990 alama hizo mbili ndizo zilizotumika katika kura za ubunge huku kwetu, kwa sababu waliozipanga walijua kwamba wananchi wengi hawakuwa wamejua kusoma. Walianza na mpiga kura, kisha wakaandika karatasi. Hata hivyo karatasi haikuwa bubu. Wagombea walizitia alama hizo maneno: wa jembe akasema bila jembe hakuna chakula, wa nyumba akajibu kwamba hata mwenye jembe jioni hurudi nyumbani. Picha ndogo tu, nayo inasema. Ikiwa picha ya jembe inaweza kumvuta mtu, je, safu iliyopindishwa, mstari uliopigwa mahali pasipo pake, na herufi ndogo zilizofichwa chini, havitamvuta?

Basi jibu la swali letu ni lipi? Mimi nasema hivi. Mkono uliokosea ni wa mpiga kura, hilo halina ubishi. Lakini mtu mmoja akikosea, tumsaidie mtu huyo. Watu 31 wakikosea kwa namna moja, tuitazame karatasi. Aliyeitengeneza karatasi alikuwa na siku nyingi za kufikiri, meza, taa, na nafasi ya kuwauliza wengine. Mpiga kura ana dakika chache, yuko peke yake, na nyuma yake kuna foleni. Mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuzuia kosa ndiye abebe lawama kubwa zaidi.

Mwaka 2002 chama chetu kilichagua tena viongozi. Niliomba kazi ile ile ya kuchapa. Safari hii kila nafasi niliipa karatasi yake, majina yote safu moja, na maelezo yako juu kwa herufi kubwa. Kabla ya kuichapa niliipeleka nyumbani, nikamkabidhi Mama Asha bila kumweleza kitu. Akaniambia visanduku viko mbali mno na majina, jicho linapotea njiani. Nikavisogeza. Nikaipeleka kwa mlinzi wa lango na kwa mama mmoja mpishi wa kantini. Kura zilizoharibika zilikuwa tatu. Katika mkutano nilisimama tena, nikaomba radhi mbele ya wote kwa maneno yangu ya mwaka 1999, nikaeleza kosa langu nikiwa nimeishika ile karatasi ya zamani. Safari hii hakuna aliyecheka.

Yule mweka hazina aliyeshinda kwa kura sita hakuiba wala hakuharibu. Alifanya kazi yake vizuri, na mzee wa ghala alistaafu kwa heshima. Lakini mpaka leo sijui ni nani hasa tuliyemchagua mwaka ule, wala hakuna atakayejua, maana kura 31 ni nyingi kuliko sita. Hilo ndilo deni ambalo karatasi mbaya huacha, na halilipiki.

Kwako wewe unayetoa fomu, iwe ya shule, ya hospitali, ya ushirika au ya kura: mpe kwanza mtu asiyeijua, ukae kimya umtazame. Akikwama, usimweleze, irekebishe karatasi. Na kwako wewe unayepiga kura: usione haya kukaa kituturini. Foleni na ingoje. Ukiona umekosea kutia alama, usiifiche karatasi ukaitumbukiza hivyo hivyo. Irudishe kwa msimamizi wa kituo, uombe nyingine. Sheria yetu inakupa nafasi hiyo.

Na nyumbani, mwenzako akija na karatasi iliyojazwa vibaya, usicheke. Keti karibu naye, umwulize aliona nini. Mimi nilichelewa mwaka mzima kuuliza.